Vali ya Ng'ombe wa Mama Mkwe

Mlioshika roho tangu Jumamosi iliyopita, iachieni kidogo ipumue. Tulimwacha Gulshat, fundi wa ndege, kajibana tumboni mwa ndege pekee inayoruka ya kampuni ya Snegir, hapa mjini Ufa, Urusi. Tochi kaing'ata kwa meno. Anafuta grisi kwenye vali mpya ya hewa iliyofungwa na mafundi wa zamu iliyopita, ili aikague na kugonga muhuri wake. Chini ya grisi pamegongwa chapa ndogo. Akafuta tena. Akasogeza tochi.

Kilikuwa kichwa cha ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe anatabasamu. Kavaa kengele shingoni.

"Damir Fanisovich!" Gulshat aliita, tochi ikamdondoka.

Mkurugenzi Damir Fanisovich, mtu wa tumbo mbele na tai fupi, alikuwa amesimama chini ya bawa akila chapati ya viazi.

"Kuna nini tena?"

"Kuna ng'ombe."

"Wapi?"

"Kwenye ndege."

"Mtoe nje, bwana! Abiria watakuja saa hizi!"

"Hatoki. Amechapwa kwenye vali."

Mkurugenzi akapanda ngazi akihema, akaingiza kichwa, akatazama. Akatazama sana. Ng'ombe naye akamtazama.

"Hiyo ni nembo ya kiwanda," akasema. "Wengine wanaweka simba. Wengine tai. Hawa wameweka ng'ombe. Kila mtu na anachopenda."

"Pembeni pameandikwa 'Mashine za Kukamulia'."

"Kwa lugha gani?"

"Kirusi."

"Basi ni halali. Vitu bandia huandikwa Kiingereza."

"Damir Fanisovich, hii ni vali ya mashine ya kukamulia ng'ombe! Vali ya ndege inazuia hewa ya abiria isitoroke tukiwa juu. Hii inavuta maziwa!"

"Imeingia?"

"Imeingia."

"Imekaza?"

"Imekaza."

"Sasa wewe unataka nini zaidi katika dunia hii?"

Msimcheke sana mkurugenzi. Tangu vita ianze na vikwazo vitushukie, hakuna nchi iliyotuuzia hata kijiko cha ndege kwa mlango wa mbele. Snegir ilikuwa na ndege tatu. Mbili zimevuliwa viungo kuilisha ya tatu, mpaka moja imebaki ganda tupu na njiwa wametaga kwenye kiti cha rubani. Hiyo ya tatu yenyewe ina choo kimoja kinachofanya kazi, na mhudumu hutangaza zamu kama kliniki.

Na siku hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Agizo lilikuwa limeshatoka: kampuni itakayomaliza mwezi bila kurusha ndege hata mara moja inafutwa. Ikifutwa, wafanyakazi wake wanaume wanapoteza ile karatasi inayowaepusha kuitwa jeshini.

Safari ilikuwa alasiri, kwenda mji wa kusini, Mineralnye Vody. Rubani msaidizi aliitwa Aizat. Aizat ni mume wa Gulshat.

Sasa mpimieni huyu dada. Ndege ikiruka na vali ya ng'ombe, Aizat huenda asirudi. Isiporuka, karatasi yake inafutwa, na huenda asirudi vilevile, ila kutoka mahali pengine.

Gulshat akafuta mikono kwenye ovaroli. Akavuta pumzi.

"Vali ya kweli ipo," akasema. "Ililetwa. Kama ya ng'ombe iko kwetu, basi yetu iko kwa..."

Mkurugenzi akaacha kutafuna.

"Usiniambie."

"Iko kwa Markiza."

"Markiza ni nani?"

"Ng'ombe wa mama mkwe wangu."

Wazo la kuingiza vali nchini kwa siri lilikuwa la mkurugenzi mwenyewe, na alilionea fahari sana. Mama mkwe wa Gulshat, Minzifa, alikuwa anakwenda Bishkek, nje ya nchi, kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Mpakani nani atampekua bibi mwenye kitambaa kichwani na mfuko wa aprikoti kavu? Wakamkabidhi kazi: aiviringishe vali ya ndege kwenye soksi ya sufu aje nayo. Bibi akaileta. Ila hakuwaambia kwamba huko huko Bishkek alimnunulia na Markiza vali ya mashine, akaitia kwenye soksi nyingine.

Gulshat akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakata. Saa ya kukamua, Minzifa hapokei simu ya mtu yeyote, hata ya mufti.

"Twende," Gulshat akasema. "Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, naifunga, naipima, ndege inaruka."

"Mimi nitazungumza naye," alisema mkurugenzi akijikung'uta viazi kifuani. "Wanawake wa umri ule wananisikiliza."

Makamu wake, Vadim Olegovich, kijana aliyechana nywele kwa maji, akaachiwa ofisi.

"Usiguse kitu," mkurugenzi akamwambia.

"Sigusi!"

"Hata simu."

"Hata simu... ikilia?"

"Ikilia pokea. Lakini usiguse!"

Gulshat akatia muhuri wake mfukoni na kufunga zipu. Bila muhuri wa fundi, ndege haitoki. Hilo lilimtuliza moyo. Mbele ya safari mtamhurumia kwa utulivu huo.

* * *

Niva, gari la zamani la mkurugenzi, ilivuka mto Dyoma ikikohoa. Kijijini, nyumba ya Minzifa ilisikika kabla ya kuonekana. Bibi alikuwa anaimba.

Uani palikuwa na maziwa. Maziwa ndooni, maziwa kwenye sufuria, maziwa kwenye mitungi ya kusindikia matango, maziwa kwenye beseni la kuogea mtoto. Mwenye beseni, Alsu, binti wa Gulshat wa miaka miwili, alikuwa amekaa kwenye kigoda na masharubu meupe mpaka masikioni.

"Mama!" akasema Alsu. "Tele!"

Gulshat akambusu juu ya masharubu na yeye akapata yake.

Katikati ya yote alisimama Markiza, ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe usoni, macho nusu kayafumba, anacheua kama mtu aliye likizo ufukweni Sochi. Mashine ilikuwa inamkamua bila kelele, laini kabisa. Na pale juu ya bomba, iking'aa kama pete ya uchumba, ilikuwa vali ya ndege.

"Karibuni, karibuni!" Minzifa alikuja kwa raba zake za matope, mikono imenyooshwa. "Gulshat, mwanangu, umekonda! Na huyu ndiye bosi wenu? Yeye hajakonda."

"Minzifa apa," mkurugenzi akaanza, kwa neno letu la kumheshimu mama mzee, "tuna haraka kidogo..."

"Haraka mtaikuta pale pale mlipoiacha. Chai kwanza."

Na kwetu mkwe ndiye anayemimina chai. Mkwe hasemi mbele ya mama mkwe kabla wageni hawajanywa. Gulshat, anayeweza kufungua injini ya ndege akiwa kafumba macho, akakaa mbele ya samovari akimimina, akimtolea mkurugenzi macho: sema, sema, sema!

Mkurugenzi alikuwa amegundua asali.

"Hii ni ya mzinga wako, apa?"

"Ya kaka yangu. Kula na baursaki, maandazi yetu haya, usione haya."

"Sioni," alisema mkurugenzi, na kweli hakuona.

Gulshat akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Aa! Apa. Kuhusu zile soksi. Inaonekana... zilibadilishana."

"Hazikubadilishana. Ya kijivu ya ndege, ya kahawia ya ng'ombe. Niliwapa ya kijivu."

"Ya kijivu ilikuwa na ng'ombe ndani yake."

Minzifa akafikiri.

"Basi niliwapa ya kahawia. Sioni vizuri, baba. Miwani yangu ilikuwa itoke Ujerumani, nayo imewekewa vikwazo. Sijui mimi na macho yangu tumewakosea nini."

"Hakuna aliyekosea, apa. Turudishiane tu. Sisi tuchukue hii, yako tutakuletea."

"Mtachukua ipi?"

"Ile iliyo kwenye ng'ombe."

Bibi akaweka kikombe chini. Polepole.

"Ile," akasema, "haitoki."

"Mama..." Gulshat akathubutu.

"Haitoki, mwanangu! Mashine ya zamani ilikuwa inamfinya, anapiga mateke, ananinyima. Tangu nimfungie kile kitu, Markiza amekuwa chemchemi. Jirani yangu Nuriya amehamisha kiti chake akae aone vizuri. Nimeuza siagi, nimeuza jibini. Niirudishe ili ifanye nini? Ikae kwenye ndege? Ndege inatoa nini?"

"Inabeba watu, apa!"

"Watu wapande treni. Mwenyewe nilimwapisha mwanangu. Vita ilipoanza nikamwambia Aizat, nchi hii haina spea, usipande tena vitu hivyo. Akaniapia. Sasa anakaa ofisini anauza tiketi, na kikokotoo chake, kavaa sweta niliyomfumia. Nalala usingizi."

Mkurugenzi akamgeukia Gulshat. Gulshat akatazama samovari.

Mnaelewa sasa kilichomkaba. Aizat hakuuza tiketi hata moja maishani mwake. Bibi ana moyo mbovu, na mwana alimdanganya mama ili alale, na mkwe akala kiapo kwamba siri hiyo haitatoka kinywani mwake. Neno moja tu, "Mama, Aizat yumo ndani ya ndege hiyo," na vali ingetoka kwa ng'ombe kabla chai haijapoa. Lakini neno hilo hilo lingeweza kumwangusha bibi juu ya baursaki zake.

"Toboa," mkurugenzi akanong'ona. "Mwambie."

"Niliapa."

"Na mimi niliapa kupunguza kula. Mwambie!"

Saa ya ukutani ikasogea. Gulshat akamtazama Alsu aliyekuwa anamnywesha mwanasesere wake maziwa. Akaona jinsi anavyofanana na baba yake kwenye nyusi. Akajifuta mikono. Akafungua kinywa.

"Mama. Kuna jambo nimekuficha kuhusu Aizat..."

"Subiri!" mkurugenzi akaruka. Alikuwa ameona uso wa bibi ukipauka kabla hata sentensi haijaisha, na akaogopa. Moyo wake ulikuwa mzuri, tatizo lilikuwa vingine vyote. Akakimbilia uani, akajipanga mbele ya Markiza, akatandaza mikono. Alitaka kumsifia bibi ng'ombe wake, amlainishe, kisha aombe tena kwa adabu.

"Tazama mnyama!" akapaza sauti. "Tazama kiwele! Sijaona kiwele kama hiki Bashkiria nzima! Mnene, mwekundu, maziwa kama bomba la mtaa! Na hii vali ilivyomkaa! Hakuna mwenye ng'ombe kama huyu! Hakuna!"

Kuku walisimama. Nuriya wa jirani, juu ya kiti chake nyuma ya uzio, alijiziba mdomo.

"Hakusema," akanong'ona Nuriya.

"Sikusema nini?" aliuliza mkurugenzi.

Minzifa alikuwa mlangoni, mkono kifuani, lakini hakuwa akifikiria moyo wake tena.

"Hukusema mashaallah!"

"Mashaallah!" alisema mkurugenzi haraka.

"Umechelewa!"

"Mashaallah, mashaallah, mashaallah!"

"Sasa unazirundika za nini? Jicho limeshatoka, limeshakaa!" Bibi akamrukia ng'ombe wake, akatema mate kushoto mara tatu, akaita chumvi. "Gulshat, chumvi! Nuriya, teremka, na wewe ulikuwa unatazama! Ewe Markiza wangu, mtu mzima amekusimamia anakuhesabia kiwele chako kama yuko mnadani!"

Na Markiza, ambaye hakuwa na habari na chochote ila kelele, akainua mguu na kuipiga ndoo. Maziwa yakamwagika mpaka kwenye viatu vya mkurugenzi.

"Mmeona!" bibi akapiga yowe. "Mmeona! Hapo hapo!"

"Ni kelele, Mama..." Gulshat alisema, mikono imejaa chumvi.

"Ni kile kidubwasha! Amekisifu kwa jina! Jicho limekaa pale, kwenye kile chuma!"

Akaishika vali kwa aproni, kama mtu anayeshika panya, akaizungusha, akaing'oa, akairusha. Mkurugenzi akaidaka kwa tumbo.

"Chukua! Peleka kwenye ndege yako! Ndege haina kiwele, itaharibika nini? Na usirudi kwangu mpaka ujifunze kusema!"

Gulshat alisimama kidogo na chumvi yake. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Akamkumbatia mama mkwe kwa nguvu mpaka kitambaa kikateleza.

"Ulikuwa unaniambia nini kuhusu Aizat?" bibi akauliza, kitambaa kimemwangukia jichoni.

"Kwamba... anakupenda sana, Mama. Ameficha tu."

"Najua. Mwambie ale."

* * *

Wakarudi mbio. Vali ilikuwa mapajani mwa Gulshat, ndani ya soksi ya kahawia, bado ina joto la ng'ombe.

"Nilikuambia," alisema mkurugenzi akikata kona. "Wananisikiliza."

"Ulikaribia kuua ng'ombe."

"Lakini vali tunayo. Hiyo ndiyo biashara ya siku hizi, binti yangu. Kuna nchi zinapeleka mawaziri watatu kutafuta kitu kama hicho. Mimi nilienda na mdomo tu."

Gulshat akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yalishuka. Akaanza kupanga kichwani: ataifungua ya ng'ombe, ataisafisha hii kwa spiriti, ataifunga, ataipima kwa hewa. Aizat atakuja na koti lake la rubani, atamuuliza, "Iko salama, fundi?" kama anavyouliza kila safari. Na yeye atajibu, "Iko salama, rubani." Na itakuwa kweli.

Wakaingia langoni. Niva ikasimama mbele ya karakana.

Mbele ya karakana palikuwa na doa la mafuta sakafuni, na juu ya doa hilo palikuwa patupu.

"Wameisogeza," alisema mkurugenzi.

"Kwenda wapi?"

"Sehemu. Ndege ni kubwa, haipotei."

Vadim Olegovich akatoka ofisini anakimbia, nywele zimekauka na kusimama, na uso wake unang'aa kuliko siku ya harusi yake.

"Nimeokoa kampuni!" akapiga kelele. "Damir Fanisovich, nimeokoa kampuni! Simu ililia, nikapokea kama ulivyosema. Wakasema droni zimeonekana, anga inafungwa wakati wowote, ndege iliyo chini itabaki chini mpaka kesho. Kesho! Kesho ni tarehe mosi! Nikasema moyoni, Vadim, hii ndiyo siku yako. Abiria walikuwa tayari, marubani tayari. Nikairusha!"

Mkurugenzi alitazama juu angani.

"Bila muhuri?" aliuliza Gulshat, kwa sauti ndogo sana. "Muhuri ninao mimi."

"Na mimi ninao! Si nilisomea ufundi kabla ya kupanda cheo? Sijawahi kuutumia, ulikuwa umekauka kabisa. Nikautemea mate." Akatabasamu. "Mbona mnanitazama hivyo? Vali si ilikuwa imeshafungwa? Nilichungulia mwenyewe. Imekaza vizuri. Ina hata picha."

Gulshat alikuwa ameshaondoka. Alipanda ngazi za chumba cha redio mbili mbili, soksi mkononi, akamsukuma mwenye zamu, akashika kipaza sauti.

"Snegir, hapa ardhini. Aizat! Unanisikia?"

Kukwaruza. Kisha sauti ya mumewe, tulivu, ile sauti anayoitumia Alsu akiwa na homa.

"Nakusikia, fundi. Nilishangaa sikukuona wakati wa kuondoka. Kila kitu kizuri. Tumepanda juu vizuri. Ila kuna jambo dogo la kuuliza."

"Uliza."

"Masikio yanaziba. Kisha yanazibuka. Kisha yanaziba. Ya ndege nzima, kwa pamoja. Na kuna mdundo unatoka chini. Sikiliza."

Akakisogeza kipaza sauti chake sakafuni. Chumba kizima kikasikia.

Tuk-tuk. Tuk-tuk. Tuk-tuk.

Mkurugenzi, aliyekuwa amefika mlangoni akihema, akaushika ukuta. Mdundo ule kila mtu aliyekulia kijijini Bashkiria anaujua tangu utotoni: mashine ya kukamulia.

"Abiria wanafanyaje?" Gulshat akauliza.

"Mwanzoni walicheka. Nyuma kuna bibi mmoja anasema ni kama amelala zizini. Sasa hawacheki sana. Mdundo unaongeza kasi."

"Rudini. Aizat, geuzeni sasa hivi mrudi."

"Tumeomba. Ufa imefungwa, droni. Kazan imefungwa. Samara imefungwa. Wanatuambia tuzunguke." Tuk-tuk, tuk-tuk, tuk-tuk, kwa kasi zaidi. "Gulshat. Wewe hunifichi kitu. Pale chini pamefungwa nini?"

Gulshat akaiweka soksi mezani. Alikuwa ameshadanganya mara moja siku hiyo, kwa ajili yake. Mara ya pili hakuweza.

"Vali ya ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe gani?"

"Wa mama yako."

Halafu mdundo ukaja peke yake, karibu sana, kama umeingia chumbani.

Tuk-tuk. Tuk-tuk. Tuk.

Na hapo ukasimama. Na redio nayo.